Siku Saba Nilizozijaza kwa Mchana Mmoja

Assalamu alaikum, wanangu, na wale wasio na salamu hiyo, hamjambo nyote.

Mwalimu wenu alinipigia simu akanitaka nije shuleni siku ile ya kuelezwa kazi, nisimame mbele yenu nizungumze habari za uinjinia. Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Lakini Bi Siti, wengine wote wanakuja wenyewe. Daktari anakuja. Mtu wa benki anakuja. Hata rubani amekubali." Nikamwambia rubani amezoea kuzungumza na watu asiowaona, kwa hivyo kwake ni rahisi. Akacheka, akadhani natania.

Mimi tangu kidato cha pili naandika daftari kila siku. Nilianza kwa sababu kulikuwa na majibu mengi niliyoyajua darasani na sikuyasema, nikaona yasipotee bure. Niliendelea hivyo kazini miaka yote, mpaka nikastaafu mwaka jana. Nina sanduku zima la madaftari hapa nyumbani Waa, na mchwa wameshayasoma baadhi yake. Haya ninayowaandikia nimeyatoa humo. Msione haya kuyasoma kwa sauti. Mimi sitakuwepo.

Kwanza niwaambie ukweli kuhusu hilo jina. Kwa sheria mimi si injinia. Nina cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya kampuni. Kwa sheria mimi ni fundi. Lakini kampuni ya simu iliyoniajiri ilikuwa kubwa, na kampuni kubwa hugawa vyeo kwa urahisi kuliko inavyogawa viatu vya kazi. Kadi yangu ikaandikwa Injinia wa Matengenezo, Pwani Kusini. Viatu vilikuja baada ya miezi mitano, namba tisa, na mimi navaa namba tano. Mama yangu aliposikia kazi yenyewe ni kupanda minara ya chuma aliniuliza kama nafasi za ukarani zilikuwa zimejaa.

Mnadhani injinia hushinda na spana. Injinia wa kampuni kubwa hushinda na barua pepe. Mnara wa Kinango ukizimika, kwanza unafunguliwa tiketi. Tiketi ni namba. Ikishafunguliwa, watu arobaini wanapata barua pepe, na thelathini na tisa kati yao wanaandika, "Tafadhali Siti, tupe habari." Wewe uko njiani, juu ya pikipiki, na jua la Kinango unalijua. Ukifika unakuta nyani amekata waya. Unaunga waya. Hiyo ni dakika kumi. Kisha unaandika ripoti ya kueleza kwa nini kuna nyani. Hiyo ni siku mbili. Niliwahi kuulizwa kwa maandishi ni hatua gani nitakazochukua kuhakikisha nyani hatarudia. Nilijibu kwamba nitazungumza naye. Hakuna aliyeuliza tena, wakaifunga tiketi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Mkala, mtu wa Matuga, mwembamba, mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba, akanitazama na suruali yangu na mtandio niliouficha vizuri ndani ya helmeti, akasema, "Umekula?"

"Nimefunga, Bwana Mkala. Leo Alhamisi."

"Basi leo utabaki chini. Mnara haupandwi na tumbo tupu. Mungu ataikubali saumu yako, lakini ardhi haitakungojea ufuturu."

Shikeni hilo. Na mengine aliyonifundisha ni haya: kabla hujafungua kompyuta, tikisa waya. Kabla hujamlaumu mtu, tikisa waya. Kabla hujapanda, tazama juu kama kuna nyuki, na ukikuta nyuki usijifanye shujaa, rudi nyumbani ukaandike barua pepe.

Alinifundisha pia kuelekeza sahani. Ile sahani kubwa nyeupe mnayoiona juu ya mnara inatazamana na nyingine iliyo mbali, juu ya mnara mwingine, na mawasiliano yote hupita kati yao. Lazima zitazamane jicho kwa jicho. Fundi mmoja huku, fundi mwingine kule, mnasogeza kidogo kidogo huku mnaambiana kwenye simu namba za kipimo. Mara yangu ya kwanza niliipata namba nzuri kidogo, nikafurahi, nikakaza boliti zote. Bwana Mkala kutoka upande wa pili akasema, "Umekaza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Siti, wimbi la redio ni kama tochi. Lina mwanga mkubwa katikati na vijimwanga pembeni. Wewe umeolewa na kijimwanga. Legeza boliti." Nilizilegeza zote kumi na mbili, na yeye kwenye simu ananieleza bei ya mihogo Kombani.

Kwa hivyo msije mkasema Bwana Mkala alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi kuliko wote niliowaona. Lakini pia ndiye aliyenifundisha kalamu tatu.

Nieleze. Mnara mpya ukishasimama, kampuni haiupokei mpaka upimwe siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, na fundi ajaze fomu kila mara na kutia sahihi. Siku saba, mara mbili, masanduku kumi na manne ya kujaza. Na kwa kawaida, siku hizo saba hazikuwepo. Mnara ungekamilika Jumatano na wakubwa wangekuja kuuzindua Jumamosi, fulana zimeshachapishwa na jina la kijiji. Kwa hivyo mafundi wa kanda yetu walikuwa na desturi. Unapima siku moja. Kisha unakaa kivulini na kalamu tatu, ya bluu, nyeusi, na nyingine ya bluu inayokaribia kuisha, unajaza masanduku yote, unabadilisha kalamu ili ionekane ni siku mbalimbali. Namba unazipandisha kidogo hapa, unazishusha kidogo pale. Bwana Mkala alikuwa hodari. Aliwahi kuitia fomu moja tone la chai kwenye sanduku la siku ya nne. Aliniambia hakuna mtu atakayeitilia shaka fomu yenye chai.

Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Hakuna aliyeuliza tumewezaje kumaliza siku saba kwa siku tatu.

Sasa mnara wa Mkwiro.

Mkwiro iko ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini. Mnafika kwa boti. Kampuni ilijenga mnara pale, na sahani yake ikatazamishwa Msambweni, ng'ambo ya maji. Sehemu kubwa ya njia ile ni bahari tupu. Mpango ulichorwa Nairobi, kwenye kompyuta, na watu wenye digrii, na kwenye ramani yao bahari ilikuwa ya rangi ya bluu na kimo kimoja saa zote.

Nilipima mimi. Nilipima Jumatano moja, tangu asubuhi mpaka jioni, na namba zilikuwa nzuri mno, zimetulia kama maji ya mtungini. Ilikuwa siku ya maji mafu, ile wiki ambayo bahari haijai sana wala haipwi sana. Niliiona kwa macho yangu, na mimi ni mtoto wa pwani. Haikunipita hata akilini kuuliza juu ya bamvua litakalofuata, pale maji yanapojaa kupita kawaida. Bwana Mkala akanipigia kutoka Msambweni.

"Namba zikoje?"

"Nzuri."

"Kalamu unazo?"

"Ninazo."

"Basi tuonane Jumamosi, uje na fulana."

Nikajaza siku saba. Nikatia sahihi mara kumi na nne. Uzinduzi ukafanyika, kasida ikasomwa, watu wakala pilau, na Bwana Mkala mwisho wa mwezi ule akastaafu, akaenda zake Matuga kufuga kuku. Mimi nikabaki na kanda, na kwa mara ya kwanza jina langu likaandikwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupandishwa kuwa Injinia Mkuu wa Pwani Kusini.

Mlinzi wa mnara wa Mkwiro aliitwa Mzee Feruzi. Zamani alikuwa mpiga mbizi wa kuvua kamba wa baharini, mpaka masikio yakaharibika. Daktari alimkataza kuingia tena majini, na pale kisiwani mwanamume asiyeingia majini hana shughuli nyingi za kuchagua. Ile kazi ya ulinzi ilimjia kama dawa. Alikuwa akivaa sare yake imepigwa pasi hata kola, na alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo. Mimi nanong'ona hata nikinunua sukari, kwa hivyo tulipozungumza tulionekana kama watu wanaogombana upande mmoja.

Baada ya wiki chache mtandao wa Mkwiro ukaanza kufa. Unakufa alasiri, saa moja hivi au zaidi kidogo, kisha unafufuka wenyewe. Siku kadhaa unafanya hivyo, kisha wiki nzima hakuna neno, kisha tena. Tiketi zikafunguliwa. Watu arobaini wakaanza kuandika. Nikaenda, nikatikisa waya zote, hazina kitu. Niliandika daftarini kila siku uliyokufa na saa yake, kwa mazoea tu.

Nairobi wakatuma mkaguzi. Yule bwana alifika, akazunguka, na nyuma ya kibanda cha mitambo akakuta friji. Friji dogo, la mke wa Mzee Feruzi, limechomekwa kwenye soketi ya kampuni, lina barafu za ukwaju za kuuzia watoto. Juu yake simu kumi za majirani zinachajiwa. Mkaguzi akalipiga friji picha mbele, nyuma na ubavuni, akatuma kwa watu arobaini.

Sisemi Mzee Feruzi hakukosa. Umeme haukuwa wake. Lakini mtu yeyote aliyesomea kazi ile anajua friji la kiasi kile haliwezi kuuangusha mnara, kama vile mbu hawezi kuangusha ng'ombe. Mimi nilijua. Friji likaondolewa, na kwa bahati mbaya liliondolewa siku za maji mafu, mtandao ukakaa wiki nzima bila kukatika. Basi. Nairobi wakafurahi.

Kila Alhamisi tulikuwa na mkutano wa simu. Meneja wetu wa huko, Bwana Muriuki, alikuwa mtu wa haraka lakini si mkatili. Alikuwa na tiketi nyingi tu.

"Mkwiro ni friji," akasema. "Tumetoa, imetulia. Huyo soja anaenda nyumbani. Siti, hiyo ni saiti yako. Uko na kitu ya kuongeza?"

Maikrofoni yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Nilikuwa na sentensi nzima, nimeiandika daftarini tangu asubuhi: "Friji haliwezi kuzima mnara kwa saa maalumu." Ni sentensi nzuri bado, ninayo hapa. Nikasikia watu wakipumua Nairobi, Mombasa na Nakuru.

"Siti hana," akasema Bwana Muriuki. "Twende Samburu."

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya Mzee Feruzi ya kuachishwa kazi nimpelekee, kwa kuwa nilikuwa nakwenda Mkwiro kukagua betri. Katika kampuni kubwa barua ya namna hiyo hupewa mtu yeyote anayepita njia hiyo.

Nilishuka kwenye boti mchana, baada ya adhuhuri. Sikwenda mnarani moja kwa moja. Nilikwenda kwa Halima, wakala wa pesa za simu, dukani kwake karibu na gati, nikasema nina kiu. Nilikuwa na kiu kweli, lakini si ile ya kunipeleka mbali na mnara. Mlangoni pake kulikuwa na karatasi imebandikwa, imefifia kwa jua: BAMVUA, HAKUNA KUTOA PESA SAA KUMI.

"Halima," nikasema, "hii ni nini?"

"Ni ratiba."

"Ratiba ya nini?"

"Ya mtandao wenu. Bamvua likija, maji yakipanda mpaka daraja ile ya tatu ya ngazi pale gatini, simu zinakufa. Yakishuka, zinafufuka. Leo bamvua. Kunywa maji yako, utaona."

Nilifungua daftari. Nilitazama tarehe zangu zote, nikamwuliza kila moja ilikuwa mwezi ngapi wa Kiislamu, maana bamvua hufuata mwezi. Aliyajibu yote bila kutazama popote, huku akiuza sabuni. Kila siku uliyokufa ilikuwa bamvua. Kila wiki iliyotulia ilikuwa maji mafu.

"Na kwa nini hamkutuambia?"

Halima aliweka sabuni chini. "Tuliwaambia, dadangu. Nilipiga huduma kwa wateja. Nikamwambia yule msichana maji yakijaa simu zinakatika. Akaniuliza kama simu imeingia maji. Nikamwambia, si simu, ni bahari. Akaniambia niizime, niiwashe. Nikamwuliza, bahari?"

Sikucheka. Ninawaandikia tu.

"Halafu mkaja nyinyi na kamera," akaendelea, "mkasema ni friji la Feruzi. Sisi tukanyamaza. Nyinyi ndio mliosoma. Unamwona yule?"

Alinionyesha kwa kidevu mzee mmoja aliyekaa barazani anashona nyavu. Alikuwa Bwana Shee. Miezi miwili nyuma kakake alifariki Vanga. Walimpigia simu alasiri, haikupatikana. Maiti haikuweza kungoja, nanyi mnajua mazishi yetu. Simu ilipofufuka, Bwana Shee alipata habari ya kifo na habari ya kaburi kwa pamoja.

"Tangu mliposema ni friji," Halima akasema kwa sauti ya chini, "Shee hamwamkii Feruzi, wala Feruzi hapiti njia hii. Wamekua pamoja wale."

Saa kumi kasorobo maji yakafika daraja ya tatu. Nilikuwa nimeshika simu yangu mkononi. Vile vijiti vya mtandao vilikuwa vinne, vikawa viwili, kisha hakuna.

Wanangu, ufundi wenyewe ni huu, nao si mgumu. Wimbi la redio likitoka Msambweni, sehemu yake huja moja kwa moja. Sehemu nyingine hugonga uso wa bahari, ikadunda kama mpira, ikafika baadaye kidogo. Zikifika zinasaidiana, simu inasikika vizuri. Zikifika zinapingana, zinauana, na hapabaki kitu. Maji yakipanda, pale pa kudundia panapanda pia, na kuna kimo kimoja ambapo hali inakuwa mbaya kabisa. Kwa Mkwiro, kimo hicho kilikuwa daraja ya tatu ya gati. Na toka maji mafu mpaka bamvua ni kama siku saba. Ile fomu ilikuwa na akili kutuzidi. Ningeketi pale siku saba kama ilivyotaka, siku ya sita au ya saba ningeuona mnara ukifa mbele ya macho yangu, kabla ya pilau, kabla ya friji, kabla ya Vanga.

Nilitaka kumpigia Bwana Muriuki papo hapo, kabla sijaogopa. Hakukuwa na mtandao. Nilikaa pale saa moja na nusu na ukweli wangu, nangoja maji yapwe, na kadiri yalivyopwa nami nilizidi kuogopa. Vijiti viliporudi vinne sikumpigia mtu. Nikapanda boti ya mwisho na barua ya Mzee Feruzi mkobani. Sikumpa. Lakini msinisifu, kwani sikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeahirisha tu, na kuahirisha ndicho kipaji changu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikaa ofisini Ukunda, nikafunga mlango. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika hoja za mawimbi na bamvua, ukurasa mzima, maneno ya kitaalamu. Kwa hoja zile peke yake Feruzi angeweza kupona, na mimi pia. Tungelaumu bahari. Lakini nilijua Bwana Muriuki angeuliza swali moja tu, kwa sababu mimi pia ningeliuliza.

Tulipofika Mkwiro nikabonyeza kitufe. Nikasema friji si chanzo, chanzo ni bamvua, nikaeleza. Bwana Muriuki akasema, "Siti, hii ni stori poa. Lakini niko na fomu yako hapa. Ulipima siku saba. Siku saba lazima ungeona hiyo bamvua. Mbona hukuona? So ni friji."

Hilo ndilo swali.

"Sikupima siku saba," nikasema. "Nilipima moja."

"Unasema?"

"Nilipima Jumatano. Zilizobaki nilizijaza kwa kalamu tatu."

Nikasikia vitufe. Tik, tik, tik. Mafundi wa Pwani yote, mmoja mmoja, wakizima maikrofoni zao.

Bwana Muriuki akashusha pumzi. "Kuna mwingine ako na kalamu?"

Akangoja sana. "Sawa," akasema. "Barua ya soja irudi. Siti, wewe nitakuandikia."

Aliniandikia, na alitimiza kila alichoandika. Nilipewa onyo la mwisho, jina langu likatolewa kwenye ile orodha, nikahamishiwa Samburu, ile ya barabara kuu ya Nairobi, miaka mitatu ya malori na mbuzi, mahali ambapo bahari haiwezi kumsumbua mtu. Fomu zikawa za kwenye simu, zenye saa na picha ndani yake, hata chai haiwezi kuingia. Sikuwahi kuwa Injinia Mkuu. Bwana Mkala aliniletea kuku wawili, akaniuliza kama nilimtaja. Nikamwambia sikumtaja. Akasema, "Ungenitaja. Mimi nimeshastaafu." Hilo nililiandika nikalipigia mstari.

Lakini kabla ya Samburu nilirudi Mkwiro mara moja, na sehemu hii sikuieleza kwenye ripoti yoyote.

Mzee Feruzi alikuwa amesimama ndani ya geti, sare imenyooka. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia kwa sauti, kwa sababu ya masikio yake, kwamba kazi yake ipo, barua imerudishwa, friji silo lililozima mtandao, sahani ya pili itafungwa chini ya ile ya kwanza ili moja ikishindwa na maji nyingine isikie. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na nani alisema mnara uko sawa, tangu mwanzo?"

"Mimi, baba. Niliandika nimepima siku saba, nami nilipima moja."

"Wewe."

"Mimi."

Hakufungua geti. Akafikiri, akavuta kola yake. "Kazi umenirudishia, ahsante. Lakini kazi naifanya humu ndani peke yangu. Kule nje naitwa mzimaji wa simu. Mke wangu akienda kisimani wanasogea kando. Shee hanipi mkono. Hayo umeyasema kwangu. Mimi sikuwa na shaka juu yangu. Nenda ukayaseme kule."

"Kwa Halima?"

"Kwa Halima, wakati watu wametoka kuswali."

Wanangu, nilikuwa nimesema mbele ya watu arobaini, lakini wale hawakuwa na nyuso. Hapa palikuwa na nyuso. Watu wakatoka msikitini baada ya alasiri, wakakaa barazani kama kawaida yao, na mimi nikasimama na helmeti yangu mkononi kama mtu anayechanga sadaka. Halima akanisaidia. "Nyamazeni," akasema, "mtu wa simu ana neno."

Nikasema. Halikuwa refu. Nilisema mnara unakufa kwa sababu ya bamvua, kama walivyosema wao. Nilisema Mzee Feruzi hakuzima kitu. Nilisema mimi niliandika kwamba nimeupima siku saba, nami niliupima moja, na kama ningekaa siku saba, simu ya Vanga ingefika.

Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hivyo utatengenezwa lini?" Nikamwambia mwezi ujao. Akasema, "Haya," akaondoka. Kijana mmoja akasema, "Ati hawa ndio mainjinia," na mwenzake akamkanya.

Bwana Shee aliufunga wavu wake, akauweka kando, akavaa makubadhi, akaanza kupanda njia ya mnarani. Sikujua kama nimfuate au la. Nikamfuata kwa mbali.

Alipofika getini akapenyeza mkono kati ya nondo. "Feruzi."

"Shee."

"Hujambo?"

"Sijambo. Pole kwa ndugu yako."

"Nimeshapoa."

Walishikana mikono kupitia geti, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, wala hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha Bwana Shee akageuka, akanipita bila kunitazama, akarudi kwenye wavu wake.

Nikasogea. Mzee Feruzi akaingia kibandani, akatoka na daftari la wageni, lile kubwa la jalada gumu ambalo kila anayeingia eneo la mnara hana budi kujaza. Tangu mnara usimame nilikuwa nikiingia bila kulijaza, kwa kuwa mimi ni injinia. Akanipa kupitia kwenye nondo, na kalamu juu yake.

Nikaandika jina. Nikaandika nilikotoka. Kwenye safu ya sababu ya kuja, nilifikiri kidogo, kisha nikaandika: kuomba radhi.

Akalisoma, kidole chini ya mstari. "Na saa," akasema. "Saa ya kweli."

Nikatazama saa, nikaandika. Akatazama yake, akaona zinalingana, akafungua geti.